Karata Moja Inapotawala Meza

Swali: Vijana wa Katesh, Hanang, wametunga mchezo wa karata za wanyama. Fisi, mwenye bei ya pointi 1, anashinda kila mara. Wamtoe?

Jibu: Hapana, wasimtoe. Kila mchezaji akimtaka, ujue bei ni ya chini mno.

Katika Hearthstone, mchezo wa karata wa kompyuta, mwaka 2014 karata ya Leeroy Jenkins alipandishwa kutoka gharama ya 4 hadi 5, nguvu zake 6 zikabaki vilevile.

Undertaker, karata nyingine ya mchezo huo, ni funzo zuri zaidi. Kila alipoingia mwenzake wa aina fulani, aliongezewa nguvu 1 na uhai 1. Januari 2015 nyongeza ya uhai ikafutwa. Akabaki mkali, ila rahisi kuuawa.

Kwa Fisi, wapunguze uhai kwanza, wacheze tena, ndipo waguse bei.