Asilimia Hazipigi Hodi: Niliyojifunza Tukitafuta Nyumba Maryland

Sisi ni Watanzania wawili wenye watoto watatu waliozaliwa Marekani. Kwa miaka mingi tulipanga fleti pembezoni mwa Washington, upande wa Maryland, na tulipoamua kununua nyumba tulikuta kwamba bei ndiyo swali jepesi: benki inakuambia uwezo wako ni kiasi gani, basi. Gumu lilikuwa lile lisilo na karatasi ya kulijibu. Tulitaka kiunga chenye watu wa rangi zote, ambako mtoto mweusi akipita na baiskeli yake hakuna anayefunua pazia kumchungulia. Haya nayaandika kwa ajili ya wenzetu wa ughaibuni walio mbioni kununua.

1. Dalali anajua, ila haruhusiwi kusema

"Mtaa huu wanakaa watu gani?" Nilimuuliza hivyo dalali wetu, mama wa makamo, mchangamfu, naye akaanza kunionyesha makabati ya jikoni. Nikarudia swali. Akanionyesha bafu. Tulipokuwa garini ndipo akanieleza kwamba akinijibu anaweza kuingia matatani, hata kunyang'anywa leseni.

Kisa ni sheria ya makazi ya mwaka 1968, ambayo Rais Lyndon Johnson aliisaini wiki moja tu baada ya Martin Luther King kuuawa. Sheria hiyo inamkataza dalali kumwelekeza mteja kwenye mtaa fulani kwa sababu ya rangi yake au asili yake. Kabla ya hapo ilikuwa jambo la kawaida Weusi kupelekwa huku na Wazungu kule. Wengine walifanya hofu kuwa biashara: wanamuuzia Mweusi mmoja nyumba katikati ya Wazungu, kisha wanapita mlango kwa mlango wakinong'ona, uzeni mapema kabla bei haijaanguka. Mzungu anauza kwa bei ya kutupa, na familia ya Weusi inauziwa nyumba hiyohiyo kwa bei ya kuruka. Kwa historia hiyo, naiunga mkono sheria iliyomfunga mdomo dalali wangu, ingawa ilinichosha.

Takwimu za rangi zitafute mwenyewe kwenye tovuti ya ofisi ya sensa. Ni bure, na zinashuka hadi mitaa michache michache. Dalali muulize anachoruhusiwa kujibu: mpaka wa shule unapita wapi, ada ya chama cha wenye nyumba ni kiasi gani, nyumba za jirani zimekaa sokoni muda gani.

2. Sensa inajua nani analala wapi. Nani anamsalimia nani haijui

Kuna mji mmoja ambao kwenye kompyuta ulipendeza mno. Wazungu, Weusi, Walatino, Waasia, kila kundi na fungu lake. Tulipofika tukakuta barabara kuu imeukata katikati, fleti upande huu, nyumba zenye bustani upande ule, na kila upande na duka lake la chakula. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Watu ndio hawakuwa wamechanganyika.

Tangu hapo tukawa tunakwenda kukaa. Jumamosi tunashinda maktaba ya umma, jioni uwanja wa watoto, kiangazi bwawa la kuogelea. Watoto usiwafanye kipimo, maana hao huchanganyika popote. Watazame wazazi. Kwenye uwanja mmoja kulikuwa na mabenchi mawili: moja limejaa akina mama wa Kizungu na vikombe vyao vya kahawa, la pili tumekaa mimi na mayaya wa Kilatino. Watoto wote wanachimba mchanga mmoja. Hadi jua linazama hakuna mtu mzima aliyevuka kutoka benchi hadi benchi.

Columbia, iliyo kati ya Baltimore na Washington, ilinivutia kwa sababu hiyo. James Rouse, mjenzi wa maduka makubwa, aliufungua mji huo mwaka 1967 akitaka Weusi na Wazungu wakae pamoja, na mwenye nacho apakane na wa kipato kidogo. Ni mwaka uleule Maryland ilipofuta sheria yake ya kukataza ndoa ya Mzungu na Mweusi, kwa hiyo mtu anaweza kupima alivyokuwa ametangulia. Visanduku vya barua aliviweka pamoja mtaani badala ya mlangoni kwa kila mtu, ili ukienda kuchukua barua ukutane na jirani. Madhehebu mbalimbali yakapewa jengo moja la ibada la kutumia kwa zamu. Nilisimama kwenye visanduku hivyo asubuhi moja, mzee wa Kihindi akaniuliza kama ndio tunahamia, na kabla sijajibu alishanieleza siku za taka.

Bei ya Columbia ilitushinda. Anayeipenda ajue pia kuna tozo ya kila mwaka ya shirika la mji, juu ya kodi ya kaunti.

3. Shuleni, simama kwenye korido kengele ikilia

Shule inaweza kuwa na watoto wa kila rangi getini, kisha ndani ikawa shule mbili. Omba kutembezwa siku ya masomo. Mimi nilisimama karibu na chumba cha hesabu za juu katika shule moja ya kati iliyosifiwa sana. Kengele ilipolia wakatoka Wazungu na Waasia, na mtoto mmoja mweusi. Mlango wa pili, wa hesabu za kawaida, ukamwaga Weusi na Walatino. Mwalimu aliyenitembeza aliona ninachokiona. Akatazama saa yake.

Wizara ya Elimu ya Marekani hukusanya takwimu za kila shule ya umma kwa rangi: nani anasimamishwa masomo, nani yumo kwenye madarasa ya wenye vipaji. Ziko wazi kwa kila mtu. Zisome kabla ya kusoma alama za shule zinazoonyeshwa kwenye tovuti za nyumba.

4. Usiwakimbie Weusi wenzako

Hapa nitakaa kidogo. Sema kwenye kikao cha Watanzania au Wakenya kwamba unatafuta nyumba kaunti ya Prince George's, utasikia: "Kule? Kwa Weusi?" Msemaji mwenyewe mweusi tii. Hofu hiyo wengi tulikuja nayo, tumeitoa kwenye filamu; wengine tuliiokota kazini kwa mabosi wetu. Tukisema "mtaa mzuri", mara nyingi tuna maana ya mtaa wenye Wazungu, na hatutaki kulitamka.

Basi fahamu kwamba Prince George's ni miongoni mwa kaunti zenye Weusi wengi na kipato kikubwa kuliko nyingine Marekani. Wafanyakazi wa serikali kuu, wanajeshi wastaafu, walimu, mawakili. Kasoro zipo: maduka mazuri huchelewa kufika huko kuliko kaunti jirani, na msukosuko wa mikopo wa 2008 uliwapokonya watu wengi nyumba zao. Lakini kasoro hizo ni za kuweka mezani na kupima, kama unavyopima foleni ya kaunti ya Montgomery.

Tuliishia Bowie, ndani ya kaunti hiyohiyo. Kampuni ya Levitt, ileile iliyojenga Levittown ya New York baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndiyo iliyojenga mtaa wetu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilikataa kuwauzia Weusi. Mwaka 1963 wapigania haki za kiraia waliandamana kuipinga. Leo Weusi ndio wengi mjini, Wazungu wapo, na kuna Wanaijeria na Wakameruni wa kutosha kukuuzia mihogo. Majina ya mitaa ya kila sehemu huanza kwa herufi moja, jambo linalowatesa wanaoleta piza.

Siku tuliyokwenda kuiona nyumba mara ya pili, mzee wa jirani, Mmarekani Mweusi aliyestaafu posta, alivuka nyasi akiwa bado ameshika mpira wa maji. Hakuuliza tumetoka nchi gani. Aliuliza kijana wangu wa kwanza ana umri gani. Miaka kumi na minne, nikasema. Akaniambia tukihamia nimlete apite naye nyumba kwa nyumba, wazee wa mtaa wamjue kwa sura. Halafu akamgeukia mume wangu, akamuuliza kama ameshamfundisha mtoto la kufanya polisi wakimsimamisha: mikono ikae wapi, sauti iwe ya namna gani, asiingize mkono mfukoni bila kutangaza. Mume wangu amekulia Morogoro. Somo hilo hakufundishwa na baba yake, na hapa kila baba mweusi analijua kwa moyo. Hakuna Mzungu, hata awe mkarimu kiasi gani, ambaye angeweza kutupa somo hilo.

5. Waza msiba

Akifiwa Mtanzania, nyumba yake inajaa. Watu wanakuja kutoka Virginia, Delaware, hata New York, magari yanapangwa barabara nzima, masufuria ya pilau yanapikiwa gereji, kwaya inaimba hadi saa sita usiku, na kesho yake tena. Chukua kitabu cha kanuni za chama cha wenye nyumba ukisome ukiwa na picha hiyo kichwani. Kimoja nilichokisoma kilikataza gari la mgeni kulala barabarani. Kingine kilitaka idhini ya maandishi kwa mkusanyiko wowote wa watu zaidi ya idadi fulani, idhini inayoombwa mapema. Nani anaombea msiba idhini mapema?

Niliwauliza wauzaji wawili watatu moja kwa moja: tukipata kifo, watu wakaja wengi kwa siku kadhaa, jirani atafanya nini? Mmoja alidhani natania. Mwenye nyumba ya Bowie, mjane, alisema mumewe alipofariki magari yalifika hadi kona ya pili, na jirani wa Kizungu wa mkabala alifungua njia yake ya gari watu waegeshe.

6. Mthamini naye ana macho

Mwaka 2021 wahadhiri wawili weusi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mume na mke, walithaminiwa nyumba yao ya Baltimore kwa dola 472,000. Wakaondoa picha za familia ukutani, wakamwomba mwenzao Mzungu ampokee mthamini mwingine kana kwamba ni kwake. Ikawa dola 750,000. Mmoja wao alikuwa mwanahistoria wa ubaguzi katika makazi, kwa hiyo alijua cha kufanya, na wakaenda mahakamani. Sisi tulipothaminiwa tuliacha picha ya bibi na kanga yake palepale. Namba ilirudi ya haki, lakini nilikuwa na nakala za bei za nyumba tano za jirani tayari mkononi.

7. Soma hati hadi mwisho

Silver Spring kuna nyumba nzuri za matofali za miaka ya 1930. Tuliitamani moja, nikaomba hati za zamani. Ndani mna kifungu kinachosema mtu wa asili ya Kiafrika asiimiliki wala asiikalie, isipokuwa awe mtumishi wa ndani. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kutekeleza vifungu vya namna hiyo, hivyo ni maneno mafu. Bado yalikuwapo, kwa mashine ya taipu, kati ya kifungu cha uzio na kifungu cha kutofuga kuku.

Hati yetu ya Bowie nayo niliisoma neno kwa neno. Sikukuta kitu. Kufikia miaka ya 1960 hapakuwa na haja ya kuandika. Mweusi aliambiwa kwa mdomo kwenye ofisi ya mauzo kwamba hauziwi, akarudi zake. Wageni wakija, mume wangu huwaonyesha jiko tulilobomoa na kupanua. Mimi nawahadithia ofisi ya mauzo.