Usonji na Mafunzo ya Wazazi

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huathiri mawasiliano na mahusiano ya mtu tangu utotoni. Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto 11 wenye hali hiyo. Baadaye wataalamu kadhaa waliwalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao. Utafiti umelikanusha dai hilo. Hata hivyo, lawama huweza kuifanya familia imfiche mtoto, naye akakosa msaada mapema.

Penye uhaba wa wataalamu, mzazi aweza kufunzwa. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Kwa mfano, mtoto anyooshapo kidole kwenye kikombe, mzazi hutamka "maji", kisha humpa.

Zoezi: Eleza jinsi lawama zinavyochelewesha msaada.