Mtutu wa M1 Garand: pima kabla ya kubadilisha

Bunduki ya M1 Garand, kazi ya John C. Garand, iliidhinishwa na jeshi la Marekani mwaka 1936. Bunduki nyingi zilizopitia Vita vya Pili vya Dunia na vya Korea sasa ziko mikononi mwa raia wa huko wanaoshindana kulenga shabaha. Fundi bunduki anajibu maswali yao.

Nitajuaje kwamba mtutu umechakaa?

Pima pande zote mbili kwa geji. Koo la mtutu, pale risasi inapotoka chemba na kuingia kwenye mifereji, huliwa na joto la baruti. Mdomo huliwa na ufito wa kusafishia. Garand haina njia ya kupitishia ufito kutokea nyuma, hivyo askari waliusukuma kupitia mdomoni, chuma kikikwangua chuma. Ndiyo maana utakuta koo zima na mdomo umepanuka, na ni mdomo ndio wa mwisho kuielekeza risasi. Mulika pia ndani: fataki za risasi za enzi ya vita ziliacha chumvi, na kutu ikachimba vishimo.

Risasi zangu zinatawanyika. Ninunue mtutu mpya?

Bado. Shika silinda ya gesi uitikise. Ikicheza, anza hapo. Kisha angalia kama mbao za kitako zimelegea kwenye bodi ya bunduki.

Naweza kuufunga mtutu mpya mwenyewe?

Sikushauri. Mtutu umekazwa kwa nguvu kubwa, na mpya ukipitiliza kidogo tu kwenye uzi wake, kilengeo cha mbele kitakaa upande. Kuna jambo zito zaidi: mitutu mingi mipya huuzwa chemba ikiwa fupi makusudi. Fundi huichonga kidogo kidogo, akijaribu geji mbili kwa bolti yako mwenyewe. Bolti ifunge kwenye geji ya kwanza, ikatae kwenye ya pili. Nafasi ikizidi, ganda la risasi laweza kupasuka na gesi kukurudia usoni. Ukibadilisha bolti baadaye, rudi upimiwe upya.

Na sehemu nyingine?

Badilisha springi kuu bila kusita. Ni rahisi, na iliyochoka huharibu ulishaji wa risasi. Chunguza kile chuma kirefu kinachosukumwa na gesi kuirudisha bolti. Kichwa chake kikiwa kipya kina kipenyo cha karibu milimita 13.4; kikipungua, gesi hupenya pembeni na bunduki hukwama. Usitumie risasi za kisasa za kuwindia zenye nguvu kubwa: hukipinda chuma hicho, na mtutu mpya hautakuokoa.

Mtutu wa zamani niutupe?

Uhifadhi. Mingi imegongwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na wakusanyaji huithamini. Tarehe ikiwa ya baadaye kuliko ya bodi, usidhani umetapeliwa: karakana za jeshi zilibadilisha mitutu mingi baada ya vita.