SOMO LETU: MSHAHARA WA SIRI HUFICHA NINI?



Wengi wetu husema mwanamke hulipwa kidogo kwa sababu hakusoma. Basi tuwatazame waliosoma kuliko wote.

Bibi Lucy Marsh alianza kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Denver, Marekani, miaka ya 1970. Mwaka 2012 mkuu wao aliwaandikia walimu barua juu ya nyongeza za mshahara. Barua hiyo ilifichua kwamba maprofesa wanawake walilipwa chini ya wanaume. Bibi Marsh alipofuatilia, alikuta yeye ndiye wa chini kabisa kati ya maprofesa wa cheo chake. Alipeleka malalamiko serikalini, na mwaka 2016 tume ya usawa kazini ikafungua kesi. Mwaka 2018 chuo kilikubali kulipa dola 2,660,000 kwa maprofesa wanawake saba, na kuwaonyesha walimu hesabu za mishahara kila mwaka.

Pengo hukuaje? Tuseme Juma anaanza na shilingi 1,000, Asha 900. Wote wakiongezwa asilimia 10, Juma atapata 1,100 na Asha 990. Tofauti ilikuwa 100, sasa ni 110. Aliyeanza nyuma huzidi kubaki nyuma, hata kama nyongeza ni ya haki.

Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, chama cha walimu na uongozi walikaa pamoja wakapitia mishahara. Pengo lilipoonekana, mwaka 2015 kila mwalimu mwanamke aliongezwa dola 3,515 za Kanada katika mshahara wake wa mwaka. Hapo hakuna aliyelazimika kusimama peke yake mbele ya mwajiri.

Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unadai ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Maana yake, kazi zaweza kuwa na majina mbalimbali lakini uzito mmoja.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Ni nani kati yetu anajua mshahara wa jirani yake? Siri hii yamfaa nani?
2. Wanawake hapa huanzia daraja gani la mshahara, na wanaume lipi?
3. Tudai nyongeza ya asilimia peke yake, au kwanza tuzibe pengo?

Leteni majibu kabla ya mazungumzo ya mishahara. Umoja ni nguvu!