Soma Nchi Kabla ya Kujibu Swali: Ufahamu, Neno "the" na Maneno ya Shule

Mtahiniwa, naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha nne, kwenye mtihani wa majaribio wa Kiingereza tulipewa habari ya mvulana wa Kimarekani aliyeanza shule ya sekondari "in the fall". Swali likauliza alianza lini. Nikaandika bila wasiwasi: "When he fell down." Neno "fall" nililijua tangu kidato cha kwanza, ni kuanguka, tena nikajua na wakati uliopita wake. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, na mpaka tunamaliza shule wenzangu waliniita Fall.

Ukiangalia vizuri, sarufi yangu haikuwa na kosa. Nilichokosa ni Marekani. Huko, kuanzia Septemba hadi Novemba majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, na majira hayo Wamarekani huyaita "fall", Waingereza "autumn". Mwaka wao wa shule huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo kuanza shule "in the fall" kwao ni jambo la kawaida kama kwetu kuanza Januari.

Wengi wenu mlisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, mkakutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza mlipoingia kidato cha kwanza. Miaka minne ni michache, na mingi imeishia kwenye nyakati za vitenzi. Sawa, hizo zinahitajika. Lakini kila mwaka nasahihisha karatasi za wanafunzi wenye sarufi nzuri wanaopoteza alama kwa sababu wamesoma habari ya Sydney kana kwamba imetokea Singida.

Jaribu habari hii. Isome mara mbili kabla ya kuendelea.

"It is the second week of December. Lucy, who goes to a public school near Sydney, has just finished Year 11, and her summer holiday begins on Friday. Her cousin Tom is in Year 11 too, at a public school near London. He comes out of his last lesson at half past four and walks across the field in the dark. Tom's parents pay heavy fees. Lucy's parents do not."

Nimewapa wanafunzi wangu habari hii, na wengi walisema mwandishi amekosea. Vipi shule mbili ziwe za umma, moja ilipiwe ada kubwa na nyingine isilipiwe? Vipi Lucy awe amemaliza mwaka na Tom bado, wakati wote wako Year 11? Na kwa nini saa kumi na nusu jioni kuwe na giza?

Hakuna kosa hata moja. Tuanze na giza. London iko mbali kaskazini ya ikweta. Desemba ni majira yao ya baridi, mchana ni mfupi mno, na katikati ya mwezi huo jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Sydney iko kusini ya ikweta, kwa hiyo Desemba hiyohiyo kwao ni joto la kwenda ufukweni. Sisi tulio karibu na ikweta hatuoni tofauti kubwa ya urefu wa mchana, ndiyo maana jambo hili linatuponyoka. Tunasoma "summer" tunawaza Juni hadi Agosti, kwa kuwa vitabu vingi vimetoka Uingereza. Ukikuta "summer" au "winter" kwenye habari, kabla ya kujibu chochote tafuta jina la mahali na uamue liko upande gani wa ikweta. Hapo somo la Jiografia linakufanyia kazi ya Kiingereza bure.

Kalenda ya shule inafuata majira hayo. Australia mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari na kuisha Desemba. England huanza Septemba na kuisha Julai. Kwa hiyo Lucy amemaliza Year 11, Tom yuko muhula wa kwanza wa Year 11 yake. Ukikutana na habari ya Japani, kumbuka wao huanza Aprili.

Limebaki "public school", neno lililowaangusha wengi kuliko yote. Australia na Marekani, "public school" ni shule ya serikali. England ni kinyume: ni shule binafsi, ya zamani, ya gharama kubwa, kama Eton iliyoanzishwa mwaka 1440. Iliitwa ya umma kwa kuwa ilipokea mtoto wa yeyote aliyeweza kulipa, popote anapotoka. Shule ya serikali England huitwa "state school". Kwa hiyo usitafsiri "public" peke yake. Uliza kwanza mwandishi anazungumzia nchi gani.

Neno jingine la kuangalia ni "tuition". Sisi tukisema tuisheni tunamaanisha masomo ya ziada ya jioni au ya likizo. Mmarekani akiandika "She left college because she could not pay tuition", anamaanisha ada yenyewe ya chuo. Nimesoma jibu la mwanafunzi lililosema msichana huyo aliacha chuo kwa kukosa masomo ya ziada. Jibu zuri kwa Kariakoo, si kwa Chicago.

Sasa tuje kwenye neno dogo linalosumbua kuliko maneno makubwa: "the". Kiswahili hakina neno la aina hiyo, kwa hiyo ama tunaliacha ama tunalimwaga kila mahali kama chumvi. Kwa majina ya kijiografia, jifunzie kwenye ramani ya nyumbani. Mito, bahari na safu za milima huchukua "the": "the Rufiji", "the Indian Ocean", "the Usambara Mountains". Ziwa moja na mlima mmoja havichukui: "Lake Tanganyika", "Mount Meru". Ukishayashika haya ya kwetu, ya ugenini yatajipanga yenyewe: "the Thames", "the Himalayas", "Mount Everest".

Nchi kwa kawaida hazichukui: "Tanzania", "Japan", "Nigeria". Lakini jina likiwa na neno la kawaida ndani yake, kama ufalme, majimbo au jamhuri, linachukua: "the United Kingdom", "the United States", "the United Republic of Tanzania". Majina yaliyo katika wingi nayo huchukua, kama "the Netherlands" na "the Philippines". Gambia ina "the" pia, na nchi hiyo imepata jina kutokana na mto. Angalizo: "the United States" ingawa ina "s" mwishoni ni nchi moja, kwa hiyo andika "is", usiandike "are".

Kwenye shule, "the" hubadilisha maana kabisa. "I go to school" maana yake mimi ni mwanafunzi. "My mother went to the school" maana yake alikwenda kwenye majengo ya shule, labda kuitwa na mkuu wa shule kwa sababu yako. Ukiandika "My mother went to school yesterday", msahihishaji ataelewa mama yako alikwenda kusoma. Kanuni hiyohiyo iko kwa "hospital": Mwingereza husema "My uncle is in hospital" akiwa amelazwa, Mmarekani husema "in the hospital". Kwa mtihani wetu fuata Kiingereza cha Uingereza, lakini ukikuta cha Kimarekani kwenye habari usikihesabu kuwa kosa.

Nimemtaja mjomba. Kiingereza ni bahili kwa majina ya undugu. Mjomba, baba mkubwa na baba mdogo wote ni "uncle", na mtoto wa shangazi, wa mjomba, wa mama mdogo, wa baba mkubwa, wote ni "cousin". Kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako, na huna haja ya kubadilisha moyo wako. Ila ukiandika kwenye insha "my brother", kisha mstari wa pili useme mama yake ni mwingine na nyumba yao iko mkoa mwingine, msomaji atapotea.

Mila zipo pia kwenye barua. Barua ya Kiswahili isiyo na salamu ni utovu wa adabu. Barua rasmi ya Kiingereza ya kuomba kazi haiulizi afya ya meneja wala familia yake. Baada ya "Dear Sir" ingia moja kwa moja kwenye ombi lako, umalize na "Yours faithfully". Ukiwa umemtaja kwa jina, malizia "Yours sincerely". Na neno "pole" lisikuponze. "Sorry for the work" humfanya Mwingereza ajiulize umemkosea nini. Kwa mgonjwa andika "I hope you get well soon", kwa mfiwa "I am sorry for your loss".

Wanaosoma Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1958, wasiishie kutafsiri "yam" kuwa kiazi kikuu na kusonga mbele. Kwa Waigbo wa riwaya hiyo ni zao la mwanamume na kipimo cha utajiri. Okonkwo anaanza maisha kwa mbegu 800 alizopewa na Nwakibie, wakati baba yake, Unoka, anajulikana kwa madeni. Msomaji wa Usukumani akiweka ng'ombe mahali pa "yam" ataelewa aibu ya Okonkwo, na jibu lake la swali la dhamira litakuwa na uzito ambao kamusi haiwezi kuupa.

Zoezi. Sahihisha namba 1 hadi 4, kisha jibu namba 5.

1. "The Lake Victoria is bigger than the Lake Nyasa."
2. "United States are a large country."
3. "My father came to school to pay my fees."
4. "Dear Sir, I hope you and your family are fine. I am applying for the post of clerk."
5. Lucy anaandika kutoka Sydney mwezi Julai kuwa anavaa sweta kwenda shule. Kwa nini?

Majibu. 1: ondoa "the" zote mbili. 2: "The United States is a large country." 3: "came to the school", kwa kuwa baba si mwanafunzi. 4: futa sentensi ya kwanza yote baada ya "Dear Sir". 5: Sydney iko kusini ya ikweta, kwa hiyo Julai ni "winter". Ukiandika "because it is cold" tu, umejibu nusu.