MDUDU MDOGO ANAYEHARIBU ASALI



Wengi wenu mumeniuliza juu ya nini asali ya mzinga wa shule ilitupwa. Mimi kapita wenu ninajua sababu, kwa maana ufunguo wa depo ulikuwa kwangu. Tulikata masega siku ya Posho, tukayaacha ndani ya beseni. Nilisema: «Tutakamua kisha mitihani.» Siku kumi na mbili zikapita. Tulipofungua, masega yalijaa funza weupe, na asali ilitoa povu na kunuka kama machungwa yaliyooza. Minervali ya wenzetu wawili ilitegemea asali ile. Kwa hiyo nilijifunza habari za mdudu huyu, na leo ninawapasha.

1. Ni mdudu gani?

Jina lake la kisayansi ni Aethina tumida. Ni mbawakawa, ni kusema mdudu wa mgongo mgumu, mweusi ao wa kahawia, mwenye urefu wa milimeta 5 mpaka 7. Anapenda giza, ukifunua mzinga anakimbilia nyufa. Jike anataga mayai mengi pamoja, na kisha siku mbili tatu yanaanguliwa. Funza njo waharibifu: wanakula asali, unga wa maua na majana ya nyuki, tena wananyea ndani. Chachu wanayoileta inachachusha asali, njo maana ya lile povu. Wakishiba wanatoka, wanaingia ndani ya udongo, na huko wanageuka kuwa wadudu wenye mabawa.

Musiwachanganye na funza wa nondo wa nta. Wale wanafuma nyuzi kama za buibui ndani ya masega, hawa hawafumi.

2. Nyuki wetu na nyuki wa ng'ambo

Mdudu huyu ni mwenyeji wa Afrika, kusini ya Sahara. Nyuki wetu wanamjua tangu zamani. Wanamfukuza, wanamsukuma katika kona, wanamzungushia gundi ya miti kama gereza, na walinzi wanasimama hapo. Ajabu ni hii: mfungwa anagusa-gusa mdomo wa mlinzi, na mlinzi anamlisha!

Mwaka 1998 alitambuliwa Florida, kule Marekani, na mwaka 2014 Calabria, kusini ya Italia, ambako serikali iliamuru mizinga yenye mdudu huyu iteketezwe. Nyuki wa kule hawamfukuzi kwa ukali kama wetu. Basi mdudu ni mmoja: hapa jirani msumbufu, kule mgeni mharibifu.

Sisi pia tujihadhari. Varroa, kidudu cha miguu minane kilichotoka Asia, kilionekana Afrika ya Kusini mwaka 1997, na Kenya na Tanzania mwaka 2009. Kinasafiri juu ya nyuki wenyewe. Kwa hiyo si vizuri kuleta nyuki kutoka mbali bila kuwapima.

3. Tufanye nini?

a) Kamua asali siku ile ile, ama kesho yake. Usilaze masega.
b) Usitupe vipande vya masega chini ya mzinga. Yeyusha nta upesi.
c) Kundi dogo usilipe mzinga mkubwa: nyuki wachache hawawezi kulinda masega yote.
d) Ziba nyufa.
e) Usipulize dawa ya wadudu ndani ya mzinga. Nyuki pia ni mdudu, atakufa, na sumu itabaki ndani ya asali.

Wandugu, ndani ya mzinga asali ile ilikuwa na walinzi maelfu. Ndani ya depo mlinzi alikuwa mimi peke yangu, nami nililala. Tukumbuke wale mbweha wadogo wa Wimbo Ulio Bora 2: uharibifu haungojei mnyama mkubwa. Mavuno yanayokuja, ufunguo utakuwa kwa wanafunzi wawili, na tutakamua kabla ya jua kushuka.

Maulizo
1. Juu ya nini asali iliharibika ndani ya depo, lakini si ndani ya mzinga?
2. Utatofautishaje funza wa mbawakawa na funza wa nondo?
3. Kwenu wazee wanakamua asali kisha siku ngapi? Uliza, ulete jibu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita