Picha zenye Kina katika Michezo ya Nyumbani

Fumba jicho moja, kisha ujaribu kutunga uzi katika sindano. Hapana shaka utahangaika. Macho yetu yameachana kwa kadiri ya sentimeta 6, kwa hiyo kila jicho huona picha yake, na ubongo huziunganisha zote mbili ukajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Simama ufukoni hapa Mwanza, inua kidole mbele ya Jiwe la Bismarck, ufumbe jicho hili na lile kwa zamu. Utaona kidole kinahama kando ya jiwe. Siri ya picha zenye kina ni hiyo tu.

Katika mwaka 1838 Mwingereza aitwaye Charles Wheatstone alieleza chombo chake, stereoskopu, kilicholipa kila jicho picha yake. Haikupita miaka mingi chombo cha namna hiyo kikawa burudani ya sebuleni huko Ulaya. Hata kwetu kilifika: mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenziwe Speke, alipiga picha pacha za namna hiyo Unguja kabla ya safari yao ya bara.

Tuje kwenye michezo ya video. Mwaka 1987 kampuni ya Sega iliuza miwani iliyoziba jicho moja baada ya jingine kwa haraka sana, huku televisheni ikibadili picha. Mwaka 1995 Nintendo walitoa Virtual Boy, chombo cha kuwekwa mezani, chenye rangi nyekundu na nyeusi tu. Mchezaji alikiinamia kama mtu anayechungulia kisimani. Hakikuchukua muda kikaondolewa sokoni. Mwaka 2011 kampuni hiyo hiyo ikaleta 3DS, isiyohitaji miwani, kwa kuwa kioo chake kiligawa nuru kwa kila jicho. Hiyo ilipendwa, na jamii yake yote kwa jumla iliuzwa zaidi ya milioni 75. Lakini angalia ajabu hii: mwaka 2013 walitoa 2DS, iliyocheza michezo ile ile bila kina chochote, nayo ikapata wanunuzi!

Wengi husema kwamba kikwazo ni bei. Mimi naona liko jambo jingine. Mdogo wangu alipoteza jicho moja kwa kuchomwa na kijiti. Wakati wa likizo, katika kibanda cha gemu mtaani kwetu Mirongo, akishika pedi ya mpira wa miguu wakubwa hunyamaza. Katika picha ya kawaida yeye nasi tu sawa, kwa maana kivuli, ukubwa wa vitu, na kitu kimoja kufunika kingine vyatosha kumwonyesha umbali. Katika picha pacha yeye hupata nusu. Tena wapo wenye macho yote mawili ambao hayashirikiani, na wengine hawajui.

Miwani mikubwa ya siku hizi, kama ile ya PlayStation iliyotoka mwaka 2016, ni afadhali kidogo. Hufuata kichwa: ukisogea, vitu vya karibu huhama upesi kuliko vya mbali, na hilo hata jicho moja huliona. Ila macho huelekezwa kitu cha karibu, na huku lenzi zake zalenga umbali ule ule daima. Ndiyo sababu moja ya watu kuumwa kichwa. Nami sijui kibanda kitakuwaje kila mtu akijifunika uso, kwani kelele zote pale ni za watazamaji. Kwa maoni yangu watengenezaji wafuate jambo moja la 3DS: ilikuwa na swichi ya kupunguza kina hadi kisiwepo.

Atakaye kujaribu bila gharama achore miraba miwili sawa, katikati zake ziachane sentimeta 6. Katika wa kushoto atie nukta kulia kidogo ya katikati. Katika wa kulia, kushoto kidogo. Asimamishe karatasi ngumu baina ya miraba mpaka puani, kisha atazame kama mtu aangaliaye mbali ziwani. Miraba itakuwa mmoja, na nukta itaelea juu ya karatasi. Nilipowajaribu wenzangu bwenini, wawili hawakuiona kamwe. Mmoja wao amekwisha kwenda kupimwa macho.